Boya Lililopimwa kwa Maji

Ukitaka kumwona Josephine amekasirika, mwambie pikipiki yake ni kuukuu. Sema ni ya zamani, sawa. Sema imezeeka, atakuvumilia. Lakini kuukuu ni neno la matambara ya kudekia, na Josephine, mhudumu wa afya wa vijiji vya mtoni upande wa Wema, hana subira na mtu wa kuita pikipiki tambara.

Ililetwa na shirika moja lililokuja, likachimba visima, likapiga picha, likaondoka. Ikabaki pale zahanati. Wanaume watatu waliipanda kwa zamu, na kila mmoja aliirudisha akisema haina adabu. Josephine akaiomba. Alijifundisha kuiendesha kwenye uwanja wa mpira, watoto wa shule wakimpigia makofi kila alipoanguka, na alianguka vya kutosha. Miaka tisa sasa. Watu waliibandika jina la Kikohozi kwa namna ilivyokuwa ikiwaka asubuhi, na yeye mwenyewe akalizoea jina hilo, maana kikohozi ni kazi yake.

Juu ya Kikohozi alibeba mizani ya kupimia watoto, vyandarua, dawa za malaria na chochote alichopewa. Alifika mpaka kwenye maskani za wafugaji kule mbali, ambako kwa miguu ungeondoka na jua na kurudi bila jua. Mwezi uliopita tu alikuwa amempakia mama mmoja na mtoto mwenye degedege, akawafikisha zahanati mtoto akiwa bado anapumua. Mtoto yule leo anakimbiza kuku. Kwa hiyo usimwambie Josephine habari za chuma ni chuma tu.

Sasa, Jumatatu hiyo simu ikalia. Ilitoka ofisi ya afya kule Hola. Pikipiki zote za zamani za zahanati zingekaguliwa Alhamisi, pale Garsen. Kulikuwa na pikipiki moja huko juu iliyovuja petroli ikashika moto, Mungu akasaidia hakuumia mtu, na tangu hapo hawakutaka mchezo. Kila pikipiki ingewashwa, iachwe ikinguruma nusu saa juu ya gazeti safi. Tone moja la petroli likianguka, pikipiki inapakiwa kwenye lori, inakwenda kupigwa mnada. Na hakuna nyingine ya kuchukua nafasi yake.

Josephine alishukuru, akakata simu, akageuka kuitazama Kikohozi iliyoegeshwa uani. Chini yake mchanga ulikuwa umelowa duara la ukubwa wa sahani. Harufu ya petroli ilikuwa imejaa ua mzima, kuku wamehamia upande wa pili.

"Baba Levi!" aliita. "Njoo uone balaa."

Mumewe, Silas, akatoka nyuma ya nyumba na tezo mkononi. Silas alikuwa mchonga mitumbwi, na kuanzia Wema kushuka mpaka karibu na bahari ungeona kazi yake majini. Alisikiliza habari yote, akakuna kichwa, akasema, "Basi si wachukue? Ulikuwa unatembea kabla yake."

Lo! Josephine hakumjibu. Alimpa chakula cha mchana bila kumjibu, na cha jioni vilevile. Silas alipoona hata chai ya asubuhi imekuja kimya, akasema yeye naye ana safari ya Garsen kununua misumari, basi waende pamoja.

Fundi wao alikuwa Abdulnasser, mtu wa Kipini, mwenye kibanda cha mabati kando ya barabara pale Garsen. Ulimi wake ulikuwa mtamu, na alikutengenezea pikipiki huku akikupa habari za ndoa zote za pwani. Lakini alipoifungua kabureta siku hiyo alinyamaza, na Josephine akajua kuna jambo. Kutoka ndani ya kibakuli cha chini cha kabureta alitoa kidude cha shaba chenye vikopo viwili vidogo vilivyozibwa, vimeunganishwa kwa mkono mwembamba. Akakitikisa sikioni mwa Josephine.

"Mama Levi, sikiza."

Ndani ya kikopo kimoja kulisikika chwa, chwa, chwa.

"Hili ndilo boya," Abdulnasser akasema. "Petroli ikingia hapa kibakulini, boya lapanda, lasukuma sindano, mlango wafungwa. Petroli ikipungua, boya lashuka, mlango wafunguka. Kazi yake ni hiyo tu. Sasa hili limetoboka, limekunywa petroli, limelala chini kama mgeni aliyeshiba pilau. Mlango u wazi kutwa kucha!"

"Weka jipya," Josephine akasema.

"Haya, tutafute."

Akapiga simu kwenye duka la vipuri kule Hola. Wa Hola wakamwuliza pikipiki ni ya mwaka gani, akawaambia, wakacheka mpaka akakata simu. Akapiga Madogo kwa mfanyabiashara anayejuana naye. Yule akasema anayo maboya ya plastiki, ya pikipiki za siku hizi, mikono yake mifupi, hayataingia. Akapiga na Malindi. Malindi wakasema wiki ijayo, labda.

"Alhamisi," Josephine akasema. "Mimi nina mpaka Alhamisi, Abdulnasser."

"Basi tutaliziba hili hili. Usiwe na wasiwasi, mama yangu, mimi nimezaliwa vyomboni, baharini."

Akachemsha maji kwenye sufuria, akalitumbukiza boya. Mara viputo vidogo vikaanza kutoka mahali pamoja, pale kikopo kilipounganishwa. Tundu lenyewe hata ncha ya sindano lilikuwa halifiki, ila joto liliisukuma petroli ya ndani nje, ikatoka yote kidogo kidogo. Silas, aliyekuwa amesimama mbali akijifanya anatazama barabara, akasogea. Akasogea tena. Alipoviona vile viputo akachuchumaa kabisa, na misumari akaisahau.

Abdulnasser aliisogeza pikipiki mbali na moto, na dumu la petroli pia, kisha akapasha chuma chake kwenye jiko la makaa. Akayeyusha lehemu, ile risasi laini ya kuzibia, akadondosha tone juu ya tundu. Tone dogo, kama punje ya mtama.

"Tayari," akasema.

"Hicho ndicho kiraka?" Silas akauliza.

"Ndicho, mzee."

"Wewe! Kiraka hupita tundu pande zote. Mimi nikiziba mtumbwi kwa kiraka cha namna hiyo, watu watafika katikati ya mto wakiomba toba."

Abdulnasser akalitazama lile tone. Mtu mwingine angesema mzee, achia fundi kazi yake. Lakini Abdulnasser naye alikuwa amekulia kwenye vyombo, na babu yake alikuwa akiziba ngalawa kwa mtindo uleule. Ukiwakutanisha mtu wa mto na mtu wa bahari, ukawaambia neno kuelea, umekwisha. Mabishano yakageuka maafikiano. Wakaongeza lehemu. Silas akasema bado upande huu. Wakaongeza. Abdulnasser akasema na hapa nyuma pia, kwa usalama. Wakaongeza tena. Kikopo kile kikapata kibyongo.

"Si kimekuwa kizito?" Josephine akauliza.

"Tutalipima," wakasema wote wawili kwa pamoja.

Wakaleta karai la maji ya mto, wakalitia boya. Likaelea. Silas akalibonyeza kwa kidole, likaibuka. Akalibonyeza tena, likaibuka tena.

"Hili hata ukilipakia mahindi litavuka!" akasema, na kwa mara ya kwanza tangu jana Josephine akacheka. Abdulnasser akanunua soda tatu. Boya likarudishwa mahali pake, kabureta ikafungwa, Kikohozi ikakohoa ikawaka, na mtu na mkewe wakapakiana kuelekea nyumbani wakiwa wameridhika.

Hawakupita hata nyumba za mwisho za mji. Josephine alihisi baridi kwenye kifundo cha mguu. Akainama kutazama. Petroli ilikuwa haidondoki tena, ilikuwa inamiminika, imelowesha kiatu chake chote.

"Baba Levi, shuka," akasema. "Shuka usiniulize."

Walirudi wakiisukuma. Abdulnasser alipowaona kwa mbali alishika kichwa. Akafungua tena, akalitikisa boya, kavu kabisa ndani. Akasema ni sindano, akaisafisha. Ikavuja. Akasema ni mpira wa kuzibia kibakuli, akabadilisha. Ikavuja. Silas akasema labda boya limeinama, wakalitia tena kwenye karai la maji, likaelea vizuri, wakatazamana. Wakalitia mara ya tatu, na ya nne. Ukiwatazama wanaume wale wawili wameinamia karai, ungedhani wanamsubiri mtu aliyezama.

Josephine alikuwa anachemka. Aliona lori. Aliona Kikohozi juu ya lori imefungwa kamba, na yeye amesimama barabarani na mizani begani. Alitaka kumpigia mtu kelele na hakujua aanze na nani. Akaenda kwenye karai, akawasukuma kando wote wawili ili anawe mikono, maana ilikuwa imejaa petroli mpaka kwenye viwiko.

Petroli ikatoka vidoleni mwake ikatandaa juu ya maji, rangi rangi, ikicheza. Josephine akaitazama. Akaacha kunawa.

"Abdulnasser," akasema polepole. "Petroli inaelea juu ya maji."

"Naam, mama. Hata mtoto ajua hilo."

"Kwa nini inaelea?"

"Kwa kuwa ni nyepesi."

"Ni nyepesi kuliko maji?"

"Kuliko maji."

"Sasa ninyi mabaharia wangu," Josephine akasema, na sauti ikaanza kupanda, "hilo boya linakwenda kukaa kwenye maji, au kwenye petroli?"

Abdulnasser akainuka, akaleta chupa ya kioo iliyokuwa ya jemu, akaijaza petroli nusu, akalitumbukiza boya. Kikopo kisicho na kiraka kikaelea. Kile chenye kibyongo kikashuka, kikashuka, kikazama mpaka shingoni, kikamvuta mwenzake upande.

"Subhanallah," Abdulnasser akasema.

Silas akavua kofia. "Miaka thelathini na minane nachonga mitumbwi," akasema, "sijaulizwa hata siku moja itaelea kwenye nini."

Josephine alikuwa na maneno mengi ya kusema, na mengine aliyasema. Sitayarudia hapa. Lakini alipomaliza alikuwa anacheka, na wao pia, kwa sababu angalau sasa ugonjwa ulikuwa umejulikana. Pikipiki ikalala kibandani, wao wakarudi Wema kwa boda ya watu.

Jumatano asubuhi wakaanza kupunguza lehemu. Abdulnasser alijaribu kwa tupa yake, lakini ilikuwa tupa ya kukatia minyororo, na alipoipitisha mara mbili Josephine akapiga yowe. Ukizidisha kidogo tu unatoboa shaba, na ukitoboa shaba, hakuna tena boya.

"Nipe mimi," Silas akasema.

Akaomba wembe mpya na kipande cha msasa laini. Akakaa juu ya tairi, boya kwenye vidole vitatu, akaanza kukwangua. Hapo ndipo Josephine alipomwona mumewe kama watu wengine wanavyomwona. Mkono uleule uliozoea kuangusha magogo sasa ulikuwa unaondoa vumbi. Anakwangua mara tatu, anafuta, anatia kwenye chupa, anatazama, anatoa, anakausha, anakwangua mara tatu. Abdulnasser akaenda kusali adhuhuri, akarudi, akamkuta vilevile. Akamletea chakula, kikapoa pembeni. Josephine aliketi mbele yake akiishika ile chupa ya petroli kivulini, na kila boya lilipoingia alizuia pumzi.

Kikopo kilianza kupanda. Unywele. Unywele mwingine. Karibu na alasiri Silas alilitia boya kwa mara ambayo hakuna aliyekuwa anahesabu tena, na vikopo vyote viwili vikasimama sawasawa, juu ya petroli, bega kwa bega.

"Basi!" Josephine akasema. "Usiguse tena. Weka wembe chini, Baba Levi. Weka chini!"

Wakalijaribu kwenye maji ya moto, halikutoa hata kiputo. Abdulnasser akalifunga. Kikohozi ikawaka, wakasubiri, mchanga wa chini ukabaki mkavu. Hakuna aliyenunua soda. Walikuwa wamejifunza.

Alhamisi uwanja wa zahanati ya Garsen ulikuwa na pikipiki saba na lori moja. Mkaguzi aliitwa Kalama, kijana mpole mwenye shati lililopigwa pasi na kalamu mbili mfukoni, na upole wake ndio uliokuwa unatisha. Alikuwa akisema pole kwa sauti ya mtu wa msibani, kisha anaonyesha lori kwa kalamu. Zamu ya Kikohozi ilipofika, pikipiki tatu zilikuwa zimekwisha kupakiwa.

"Mama, washa," Kalama akasema. Akatandaza gazeti safi chini ya kabureta, akatazama saa.

Jua la Garsen saa sita huna haja ya kuelezwa. Josephine alisimama kando akisali kimoyomoyo, sala fupi fupi, moja juu ya nyingine. Abdulnasser alikuwa amefunga kibanda akaja, anapiga tasbihi. Silas hakusali. Silas alipiga magoti kando ya pikipiki, akainama, uso wake karibu ugusane na kabureta, macho kodo, kama anayesubiri boya litoke limsalimie.

Dakika kumi. Gazeti kavu. Dakika kumi na tano. Dakika ishirini, na Josephine akaanza kuruhusu moyo wake kutulia.

Dakika ya ishirini na tatu, tone likaanguka kwenye gazeti.

Wote waliliona. Lilitua katikati ya ukurasa wa michezo likatanda. Kabla hawajapumua likaanguka la pili.

"Pole sana, mama," Kalama akasema, na akainua kalamu.

Miaka tisa, jamani. Josephine aliona njia yote ile mbele yake, mchanga na miiba, na mtoto wa mtu mgongoni. Machozi yakamjaa. Akapiga magoti palepale, hata hakujua anataka nini, kuaga labda, na pua yake ikafika karibu na gazeti.

Akanusa. Akanusa tena.

"Nusa," akamwambia Kalama.

"Mama, utaratibu ni..."

"Mwanangu, nimekwambia nusa!"

Kalama akachuchumaa, akashika suruali yake isichafuke, akanusa. Akakunja uso. Akagusa kwa kidole, akakitazama kidole. Kisha mkaguzi mzima kutoka Hola, mbele ya watu, akakiweka kidole ulimini.

"Ina chumvi," akasema.

Wote wakainua macho kwa pamoja. Silas alikuwa bado ameinama palepale, hajasikia neno, hajui kama kuna mtu duniani. Jasho lilikuwa linamtoka kwenye paji la uso, linashuka mashavuni, linakutana kwenye ncha ya pua, na hapo tone la tatu lilikuwa limening'inia, tayari. Likaanguka.

Uwanja ulilipuka kwa kicheko. Abdulnasser alikaa chini kabisa, tasbihi ikamponyoka. Dereva wa lori alijipigapiga mapaja. Kalama alijaribu kubaki na uso wa ofisi, akashindwa, akacheka mpaka kalamu moja ikaanguka.

"Mzee, tafadhali ondoka hapo," akasema, "unanivujia kwenye ushahidi!"

Akatandaza gazeti jingine, akaanza dakika thelathini upya kwa sababu alikuwa mtu wa haki. Safari hii Silas aliwekwa mbali, chini ya ukuta, na Josephine akakaa naye. Dakika thelathini zikapita. Gazeti lilitolewa kavu, ungeweza kulisoma lote. Kalama akaandika, akaligeuza daftari ili Josephine aone mwenyewe: haivuji, ibaki na mhudumu. Josephine akasoma mara mbili, akasema asante, akageuka kwa mumewe.

Silas alikuwa bado anatokwa na jasho. Josephine akachukua ncha ya leso yake, akamfuta uso, pale mbele ya watu, jambo ambalo katika miaka yao yote ya ndoa hajawahi kulifanya nje ya nyumba. Silas akamwacha.

"Wewe si ulisema waichukue?" Josephine akamwuliza kwa sauti ya chini. "Jasho lote hili la nini?"

Silas akatazama chini.

"Tangu juzi nimekuwa nikiihesabu njia kichwani," akasema. "Ile ya kule maskani. Nikaona mizani peke yake ni mzigo, na vyandarua, na dawa. Nikasema kama wataichukua, nitakubebea mimi. Kila wiki. Mitumbwi itangoja." Akapapasa goti lake. "Lakini nilikuwa nauomba mguu wangu huu msamaha, Mama Levi, maana unauma."